Njia Aliyoichonga Loisi

Watu wa Ng'hambala walikuwa hawajawahi kumwona mwanamke juu ya baiskeli mpaka ile Jumatatu ya mwaka themanini na saba, Loisi Mhogolo alipopita mbele ya kilabu cha pombe akiwa amekalia Phoenix ya baba yake, kreti mbili za zabibu nyuma kwenye keria, khanga ameifunga kwa kamba ya katani isije ikanaswa na mnyororo. Wanaume walisimama na vibuyu vyao mkononi. Mmoja akapiga mluzi. Mwingine akasema, kwa sauti ya kusudi, kwamba sasa anaelewa kwa nini yule mume wa Kibaigwa alimrudisha kwao. Loisi hakugeuka. Alikuwa bado hajajua kugeuza shingo bila kuyumba.

Haikuwa kiburi. Baba yake, mzee Nikodemo, alikuwa amevunjika nyonga kwa kuanguka mwambani akifukuza tumbili, na zabibu zilikuwa zimeiva. Zabibu iliyochumwa ikikaa siku tatu kwenye joto huanza kutoa maji, nyuki wakajaa, mnunuzi akaikataa. Mama alikwisha kufa. Fredy, mdogo wake wa pekee, ndiyo kwanza alikuwa amefaulu kwenda sekondari. Akabaki Loisi, miaka ishirini na minane, ameachika, hana mtoto.

Kijiji chao kimekaa juu ya vilima, kusini ya mji wa Dodoma. Barabara ya gari ilizunguka vilima vyote kwa mchanga mtupu, na mwenye baiskeli yenye mzigo aliisukuma zaidi ya kuipanda. Upande wa pili msitu wa miyombo uliteremka moja kwa moja hadi barabara kuu, lakini humo mlikuwa na vijia vya mbuzi tu, na vya wanawake waendao kuni. Loisi akaanza kuvifuata kimoja baada ya kingine. Kilichoishia kwenye jabali alikiacha. Kilichopitika alikirudia kesho yake na sululu, akang'oa mawe, akafyeka matawi, akapanga magogo kwenye korongo. Ilimchukua misimu miwili. Mwisho akawa na njia yake: inaanzia shambani katikati ya mistari ya mizabibu, inapanda hadi kwenye mawe ya pimbi, inaingia msituni, inapinda mara saba, kisha inateremka kama maji hadi barabarani. Saa tatu za kuzunguka zikawa dakika arobaini.

Breki za Phoenix hazikutosha kwenye mteremko ule. Alisaidia kwa mguu, katambuga la tairi likisugua ardhi. Mwaka tisini na moja kreti ilichomoka kwenye kona ya nne, ikamvuta, akavunjika mtulinga. Wiki sita baadaye alikuwa njiani tena, bega moja limeshuka chini ya jingine, na halikupanda tena. Kwa zabibu zile Fredy alilipiwa ada kidato kwa kidato, akanunuliwa godoro, masanduku, viatu vyeusi vya shule. Kila likizo aliporudi alimkuta dada yake mwembamba kuliko likizo iliyopita.

"Nikimaliza, dada, hutagusa tena hiyo baiskeli," alikuwa akisema.

Naye Loisi alikuwa akicheka, kwa sababu kumbe kitu hicho alikuwa anakipenda. Hakuwahi kumwambia mtu. Lakini mzigo ukiwa umekaa sawasawa, jua likiwa halijachoma, na ile kona ya tano ikimfungukia mbele, alikuwa anajisikia mtu ambaye hajaachwa na yeyote.

Miaka hiyo ndiyo ya ruksa, biashara imefunguliwa, mambo yote yanabadilika. Kiwanda cha mjini kilichokuwa kikileta lori kuchukua zabibu kilianza kuchelewa, kisha kikaacha kabisa. Wenye mashamba wengi waling'oa mizabibu, wakapanda mtama na karanga. Loisi hakung'oa. Alipata wachuuzi wa soko la Majengo mjini, waliosimama barabarani asubuhi kungoja mabasi, akawa anawapelekea kreti kila siku badala ya kungoja lori la mara moja kwa wiki. Akaongeza shamba. Kwenye mteremko wa juu, palipokuwa na vichaka vitupu, alipanda vipando mia tatu, yeye na rafiki yake Anna, mke wa jirani, wakichimba mashimo kwa zamu, mmoja akichimba na mwingine akimwagilia maji kwa kata. Anna hakuwa na shamba la zabibu. Alimsaidia tu, kwa sababu walikua pamoja, wakabatizwa siku moja. Nyumba ya Anna iliishi kwa kuni na kwa maji ya chemchemi iliyokuwa ndani kabisa ya msitu, ambayo hata kiangazi haikukauka.

Mvua za El Nino ziliichukua barabara ya gari, ikabaki mitaro. Njia ya Loisi haikubomoka, maana aliichonga kwa kufuata kilima kinavyotaka. Msimu ule kijiji kizima kilipita humo, na wale waliompigia mluzi wakawa wanamwomba awaonyeshe pa kukanyaga. Mwaka huohuo mzee Nikodemo akafa. Alikufa amelala, hakuandika chochote, na hakuna aliyeuliza shamba ni la nani. Loisi alirudi kwenye mizabibu siku ya nne baada ya matanga, kwa kuwa ubwiri, ule ukungu wa majani, ulikuwa umeanza na ilibidi kupulizia salfa.

Mwaka tisini na tisa Fredy alikuja na gari la watu. Alikuwa sasa karani katika ofisi moja ya serikali mjini, ana miwani, ana mke. Ndani ya gari mlikuwa na mwanamke kijana kutoka Arusha aitwaye Violeth, na wageni wawili wa Ulaya, na nyuma zimefungwa baiskeli nne ambazo Loisi hakuwa ameona mfano wake: tairi nene zenye meno, gia zimepangana kama sahani, uma wa mbele unabonyea.

"Shikamoo mama," Violeth alisema, akapiga magoti kidogo. "Kaka yako ametuambia kuna njia. Kampuni yetu inatafuta mahali pa kupitisha wageni kwa baiskeli. Wanataka vilima, wanataka msitu, na hizi zabibu ndizo hasa hawajaziona kwingine."

"Marahaba. Njia ipo," Loisi akasema. "Mnaweza kuteremka?"

Wale wageni walitafsiriwa swali, wakatabasamu. Loisi akachukua Phoenix yake bila mzigo, akatangulia. Kona ya kwanza aliwasikia nyuma yake. Kona ya tatu alimsikia mmoja tu. Ya tano hakusikia mtu. Alifika barabarani, akakaa juu ya jiwe, akamaliza kula zabibu alizotia kwenye mfuko wa gauni ndipo wa kwanza akatokea, goti linavuja damu, anacheka na kupiga makofi. Violeth alifika akiikokota baiskeli.

"Mama," alisema akihema, "nimeendesha Meru, nimeendesha Usambara. Njia hii nani aliichora?"

"Mimi."

"Wewe na nani?"

"Mimi na sululu."

Violeth akamtazama kama mtu anayetazama kitu cha thamani, na jicho lile ndilo lililommaliza Loisi. Miaka kumi na miwili alikuwa amefanya kazi ile, na sifa aliyowahi kupewa ni kwamba ana nguvu kama mwanamume. Siku tano alizunguka nao, wakipima, wakipiga picha, wakipaka chokaa kwenye mawe. Kila walichouliza alijibu. Kila kijia alichokifahamu alikitoa.

Jioni ya siku ya tatu Anna alimfuata shambani.

"Hiyo yako ya barabarani waonyeshe, ni jasho lako," alisema. "Lakini nasikia wameuliza habari za chemchemi. Ya huko waache, Loisi. Pale sisi wote tunachota."

"Watapita tu, Anna. Watakunywa maji waende zao."

"Mtu wa gari hapiti tu."

"Unaona wivu?"

Neno hilo lilimtoka kabla hajalipima. Anna aliinua mzigo wake wa kuni, akaondoka. Kesho yake Loisi aliwapeleka kwenye chemchemi. Wageni walivua viatu, wakatia miguu majini, wakasema hapa ndipo patakuwa mahali pa kupumzikia.

Kilichofuata kilikwenda haraka. Batholomeo, mwenyekiti wa kijiji, aliitisha mkutano siku ya mnada, watu wachache wakahudhuria, muhtasari ukaandikwa kwamba kampuni imepewa chemchemi. Chemchemi ikazungushiwa waya, ikawekewa geti. Wanawake wakaambiwa wachote kabla ya saa moja asubuhi, na kwamba kampuni itawachimbia kisima cha pampu jirani na shule. Kisima kikachimbwa kweli. Kikatoa maji ya chumvi ambayo hata punda waliyasusa. Kuanzia hapo binti za Anna, na binti za wengine, walikuwa wakitoka nyumbani nyota zikiwa bado angani, na aliyechelewa alikwenda bonde la pili, mwendo wa nusu siku.

Na Loisi alikuwa amepewa kazi. Alivaa suruali ya kaki na fulana yenye jina la kampuni, akaongoza wageni mara mbili kwa wiki juu ya baiskeli yenye gia ishirini na moja. Picha yake ilichapwa kwenye vikaratasi vilivyogawiwa hoteli za Arusha. Kanisani kina mama wa umoja wao walisogea wote upande mmoja wa benchi alipokaa. Alidhani ni kwa sababu ya suruali. Alijiambia hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, kwa kuwa sababu nyingine aliijua.

Mwezi wa nane mwaka elfu mbili, msimu wa pili wa mavuno ukikaribia, aliamka mapema kwenda kukagua mizabibu ya juu. Alisikia mapanga kabla hajafika. Vijana sita wa kibarua walikuwa wanakata mistari minne ya mwisho, ile aliyopanda na Anna, matunda yakiwa yamening'inia. Nguzo zilikuwa zimeng'olewa, waya umekunjwa pembeni kwa ustadi. Violeth alikuwa amesimama na karatasi.

"Mnafanya nini?" Loisi aliuliza. Sauti yake mwenyewe aliisikia ndogo.

Violeth alishangaa, na mshangao ule haukuwa wa uongo. "Hapa panajengwa nyumba za wageni, mama. Njia inaanzia hapa. Fredy hakukwambia? Shamba lote tumelichukua kwa miaka thelathini na tatu. Ametia sahihi yeye, na mwenyekiti ameshuhudia. Alisema mmekubaliana nyumbani."

Loisi aliitazama karatasi. Alijua kusoma. Jina la baba yake lilikuwapo, na chini yake, *mrithi pekee*, jina la Fredy, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyesomeshwa.

Hakulia mbele ya vijana wale. Alichuma vishada vilivyolala chini, akavijaza kwenye khanga, akashuka na Phoenix hadi barabarani, akapanda basi na zabibu zake mapajani. Alimkuta Fredy nyumbani kwake mjini, ndiyo kwanza ametoka kazini, amevua viatu.

"Dada, karibu. Nilitaka kuja mwenyewe kukueleza."

"Nieleze."

"Kaa kwanza."

"Nieleze nimesimama."

Fredy alifuta miwani. "Zabibu hazina soko, unajua mwenyewe. Unajiua bure kwenye vilima vile. Sasa una kazi ya mshahara, na nyumba ya baba utaendelea kukaa. Nani anakufukuza?"

"Wamekata mizabibu yenye matunda, Fredy."

"Shamba ni la baba. Na mtoto wa kiume ni mimi. Sikuitunga mimi mila hiyo."

"Na wewe nani alikusomesha?"

Fredy alivaa tena miwani. Labda kama mkewe asingekuwa anasikiliza mlangoni angejibu vingine. Lakini alisema, "Nilisomeshwa kwa zabibu za shamba la baba. Wewe ulizibeba tu."

Loisi alifungua khanga, akazimwaga zile zabibu sakafuni, juu ya mkeka mpya. Akatoka. Hawakuzungumza tena hadi Fredy alipokufa, na hilo lilitokea miaka mingi baadaye, mbali na habari hii.

Alishtaki kwenye baraza la kata. Kesi ilisikilizwa katika darasa la nne la shule ya msingi, wazee watano wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kifuani. Fredy alileta karatasi. Loisi alileta mikono yake. Mwenyekiti wa baraza, mzee mtulivu asiye na makuu, alisema waziwazi kwamba shamba la chini ni la urithi na wao hawataliingilia. Lakini mteremko wa juu ni jambo jingine. Kama pale palikuwa kichaka, na kama Loisi ndiye aliyepasafisha na kupapanda kwa mkono wake, basi pale si pa Nikodemo wala pa mwanawe, na karatasi ile haiwezi kupakodisha.

"Nani aliona ukipapanda?" aliuliza.

"Anna. Tulichimba naye mashimo."

Anna alisimama. Alikuwa amekuja na ndoo yake, ameiweka karibu na mlango. Ilikuwa saa tano asubuhi, geti limekwisha fungwa, na ndoo ilikuwa tupu.

"Mama Anna, mteremko wa juu ulipandwa na nani?"

Anna alimtazama Loisi. Hakumtazama kwa hasira. Loisi baadaye alisema afadhali ingekuwa hasira.

"Sijui," alisema.

"Hujui? Huyu anasema mlichimba pamoja."

"Mimi ni mtu wa kuni na maji, mzee. Mambo ya mashamba yao sijui."

Mzee akawageukia wanawake wengine waliojaa madirishani. Yupo anayejua? Kumi na mbili kati yao walikuwa wamepita pale kila siku, wakiona vipando vya kwanza vikikua, wakipewa na Loisi vishada vya kuwapelekea watoto. Hakuna aliyefumbua mdomo. Batholomeo alijikohoza, akaangalia saa. Bila shahidi Loisi alishindwa, jambo likaisha kabla ya chakula cha mchana.

Violeth alikuja siku mbili baadaye, peke yake. Alisema anasikitika. Alisema kazi ipo palepale, hata mshahara wataangalia, maana wageni wanapenda sana kusikia habari za mama aliyechonga njia. Loisi alivua fulana ya kampuni, akaikunja vizuri, akampa. Wala hakumtukana, akijua ni yeye mwenyewe aliyemshika mkono akamzungusha kila mahali. Wiki iliyofuata alihamia mjini, akapanga chumba nyuma ya soko la Majengo, akawa anauza zabibu walizolima watu wengine.

Kampuni haikukaa. Wageni walikuja misimu mitatu, kisha wakapungua. Arusha ilikuwa karibu zaidi na wanyama, na joto la Dodoma liliwashinda. Nyumba za wageni ziliishia kwenye lenta, hazikuezekwa. Violeth alirudi kwao. Njia ilipokosa mtu wa kuifagia mawe na kuinua magogo, mvua mbili zilitosha. Shamba likamrudia Fredy, akalikata vipande, akaviuza kimoja kimoja kwa watumishi wa serikali waliotaka mahali pa kujenga watakapostaafu.

Mwaka elfu mbili na tatu, siku ya soko, Anna alitokea mbele ya meza ya Loisi. Alikuwa amezeeka ghafla, kama wanavyozeeka watu wa kilima. Walitazamana juu ya zabibu.

"Mbukwa," Anna alimsalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa."

"Waya umetolewa kwenye chemchemi. Tunachota saa yoyote."

"Vizuri."

Anna alishika kishada, akakirudisha. "Nilijua, Loisi. Mashimo mia tatu, ningeweza kukuonyesha moja moja lilipo. Nilijua."

"Ulitakiwa kusema siku ile."

"Nawe ulitakiwa kunyamaza siku nyingine."

Mteja akaja, akaulizia bei, Loisi akampimia, akamfungia kwenye gazeti. Alipomaliza Anna bado alikuwa amesimama.

"Binti yangu mdogo aliumwa na nyoka," Anna akasema, "yule wa mwisho, Tabu. Asubuhi ile, kabla hakujakucha, akienda kuwahi geti. Ilikuwa wiki moja kabla ya baraza. Mguu ulikatwa. Hukusikia?"

Loisi hakuwa amesikia. Mwaka ule hapakuwa na mtu kijijini aliyekuwa akimwambia jambo. Aliweka kipimo mezani. Aliuliza tu mtoto yuko wapi. Anna akasema yuko nyumbani, anasuka vikapu, anatembea kwa fimbo, kwenye chemchemi hawezi kufika.

Alimjazia mfuko mzima wa zabibu, zile za chini zisizobonyezwa. Anna aliupokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, akasema asante. Hakusema atamwambia Tabu zimetoka kwa nani. Loisi naye hakuomba amwambie. Alimtazama akiingia katikati ya watu kuelekea stendi, kisha akavuta kigoda, akakaa, na mteja wa pili alipouliza bei ilibidi arudie swali lake mara mbili.